Nani Mwenye Chemchemi ya Ruvandi?

Keti hapo, na mwenzako mpishe akae. Hadithi hii haichagui umri. Imewahi kugombanisha mume na mke waliopendana, na kwetu nyumbani iliwahi kutufanya tusahau ugali mezani mpaka ukapoa.

Kulikuwa na nchi iliyoitwa Ruvandi, nchi ya mlima na mifereji. Huko karama ilikuwa kitu adimu. Karama ndiyo ile nguvu ya kutenda yasiyotendeka kwa mikono, na mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzika wazazi wake asimwone hata mmoja aliye nayo. Wasafiri walileta habari za nchi za mbali ambako kila mtu anaruka angani na kila chungu kinajichochea chenyewe jikoni. Waruvandi walicheka. "Sasa huko," waliuliza, "mtu husifiwa kwa lipi?" Wao walijisifia mifereji yao. Ilishuka kutoka mlimani ikipita juu ya mabonde na kandokando ya majabali, ikajaza mabwawa tisa waliyoyaita ndiva, na kutoka ndiva maji yakagawanywa shamba kwa shamba. Yote hayo babu zao waliyachimba kwa majembe.

Katika nchi hiyo waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na lake.

Nakijwa alizaliwa na karama. Alisikia maji chini ya ardhi kama wewe unavyosikia mvua juu ya bati. Alikuwa na miaka sita alipomwambia mama yake, "Mama, usifagie hapo, kuna maji yanaongea." Wakachimba, wakapata kisima. Tangu siku ile hakuwa tena mtoto wa mama yake peke yake. Alikuwa wa nchi nzima.

Namkunda alizaliwa mikono mitupu. Lakini binti huyo alipofika miaka kumi na saba alijitwisha mkeka, akatembea mpaka nchi aliyoishi mwalimu wa maneno, akakaa kwake miaka kumi na minane. Alirudi na ujuzi mmoja tu: aliweza kukiambia kitu kinachoanguka kisimame, nacho kikasimama hewani kwa muda wote ambao yeye hakunyamaza. Majirani walimjaribu kwa chungu. Chungu kikaelea. "Miaka kumi na minane kwa ajili ya chungu?" waliulizana. Namkunda alitabasamu, akakipokea chungu kwa mkono, akakirudisha kwa mwenyewe.

Mrutu alikuwa mhunzi. Karama hakuzaliwa nayo wala hakuisomea. Jembe la Mrutu lilirithiwa, baba akifa wana waligombea jembe kabla ya ng'ombe. Watu walipomuuliza anatia dawa gani kwenye chuma, alijibu, "Natia asubuhi na jioni."

Basi, mwaka mmoja, mahindi yakiwa yanatoa maua, ilifika siku ya msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wake. Watu kumi na mmoja walipewa zamu ya kusafisha matope ndani ya pango la chemchemi, pale maji yanapotokea katika tumbo la mlima. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mbishi aitwaye Mamkwe, aliyekataa kuachwa nyumbani, na Kiangi mwenye kinu cha kusagia, mtu mnene na mcheshi, na Sekiete, ambaye alikuwa hajapatana na jirani yake tangu wote wawili waote ndevu. Alikuwamo pia mdogo wa mwisho wa Mfumwa Nanzia; mfumwa ndivyo Waruvandi walivyomwita mtawala wao.

Waliingia asubuhi wakiimba. Jua halijapanda vizuri, ardhi ikatikisika. Mlima ulitoa mlio kama wa gunia la mawe linaloburutwa, na mdomo wa pango ukaziba. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nchi nzima ilikimbilia pale. Wenye majembe walianza kufukua vifusi. Mfumwa Nanzia mwenyewe alikuwa amepiga magoti akichota mawe kwa mikono, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Ndipo Nakijwa akafika. Alilaza sikio lake la kulia juu ya jabali, akafumba macho.

"Msichimbe hapa," alisema. "Hapa kuna hatua arobaini za vifusi. Zungukeni ubavuni."

"Dada, ubavuni ni mwamba mtupu," mmoja wa wachimbaji alisema.

"Mwamba, ndiyo. Lakini ni mwembamba."

Mfumwa aliinuka. "Nakijwa, unawasikia watu?"

"Watu siwasikii, Mfumwa. Nasikia maji tu. Yamezibiwa njia, yanapanda. Sasa hivi yako magotini." Alikandamiza sikio zaidi. "Nasikia yakikatwa na miguu. Miguu ishirini na miwili. Yote inasogea."

Mama mmoja alipiga kigelegele huku analia. Wote kumi na mmoja walikuwa hai, ila maji hayakuwa na haraka wala huruma. Nakijwa alihesabu mwendo wa maji, akasema yangefika vichwani kabla jua halijatua.

Wakazunguka ubavuni. Mrutu aliugonga mwamba kwa nyundo mara tatu, kila mara mahali tofauti, akatega sikio kama mtu anayebisha hodi.

"Huu hauchimbiki," alisema. "Huu unapasuliwa. Leteni kuni, zote mlizo nazo. Halafu nataka maji ya ndiva."

"Ndiva ipi?" Mfumwa aliuliza.

"Zote tisa."

Watu waliguna. Chemchemi ilikuwa imeziba. Maji yaliyobaki katika ndiva ndiyo yaliyokuwa yanywewe na mahindi, na mahindi ya mwaka ule ndiyo yaliyokuwa yaliwe na watoto wao. Mfumwa Nanzia alimtazama mhunzi machoni.

"Una hakika, baba Mrutu?"

"Hakika ya mwamba sina, Mfumwa. Ya kazi yangu ninayo."

"Chukueni maji," alisema Mfumwa.

Basi mstari wa watu ukajipanga kutoka mashambani mpaka mlimani, vyungu vikipita mkono kwa mkono. Mrutu alikoka moto juu ya mwamba, akauvukuta kwa mivukuto yake mpaka jiwe likabadilika rangi. Kisha akapaza sauti, "Mwaga!" Maji baridi yakapiga jiwe la moto, jiwe likalia, ufa ukafunguka upana wa kucha. Hapo hapo akauchomeka mtaimbo na kuupigilia. Akakoka tena. Akamwaga tena. Kila mara alimuuliza Nakijwa wapi pa kupiga, naye Nakijwa, sikio likiwa halijatoka kwenye jabali, alionyesha kwa kidole. Mara ya nne mtaimbo ulitereza, ukamponda mhunzi vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alivifunga kwa kipande cha kaniki alichopewa na mkewe, akasema, "Kuni." Hakusema kingine.

Mara ya tano mwamba ulipasuka. Tundu likatokea, na ndani ya tundu mkono wa mtu.

Furaha haikudumu. Ardhi ilitikisika mara ya pili. Mlio ule ulipita ndani ya jabali, ukampasua Nakijwa sikio, akaanguka chini ameshika shavu. Na juu ya tundu, jiwe kubwa kama nyumba likang'oka, likaanza kuteleza.

Namkunda alisogea mbele. Watu walikuwa wanakimbia kurudi nyuma, yeye akaenda kusimama chini ya jiwe. Akafungua kinywa, akasema maneno aliyoyafuata kwa miguu mpaka nchi ya mbali. Jiwe likasimama. Lilisimama juu yake, kimo cha mikono iliyonyooshwa, likining'inia bila kushikwa na chochote.

Anayeshika kwa neno hawezi kunyamaza. Namkunda akimeza mate, jiwe lilishuka kidogo. Akivuta pumzi ndefu, lilishuka tena. Wakatoka mmoja mmoja, wakitambaa chini ya lile jiwe na maji ya kifuani yakiwasukuma kwa nyuma. Mdogo wake Mfumwa alitoka. Mamkwe alitoka akiwagombeza waliokuwa wakimvuta kwa mkono uliokuwa unamuuma. Aliyekuwa wa mwisho ni Kiangi, naye akakwama kiunoni.

"Jamani, niacheni," alisema Kiangi, na safari hii hakuwa anatania. "Mtamuua yule mama."

"Nyamaza ubane pumzi," alijibu Mrutu, akaingia chini ya jiwe na nyundo katika mkono wake mmoja mzima, akapiga mapigo matatu, ukingo ukameguka. Kiangi akachomoka kama kizibo.

Tangu alipotoka wa kwanza mpaka alipotoka wa mwisho, jua lilikuwa limehama kutoka utosini hadi begani. Midomo ya Namkunda ilikuwa na damu. Nakijwa, ambaye sasa alikuwa anasikia upande mmoja tu, alimkumbatia kiunoni na kumvuta. Namkunda akanyamaza, jiwe likaanguka na kubingirika bondeni, vumbi likawafunika wote.

Vumbi lilipotulia, walihesabiana. Kumi na mmoja. Wakahesabu tena kwa raha tu ya kuhesabu. Maji nayo yakapata njia kupitia lile tundu jipya, yakabubujika yakishuka kwenye mifereji, na kabla siku haijaisha ndiva ya kwanza ilikuwa inajaa. Waruvandi walipiga ngoma siku tatu. Wageni waliopita waliambiwa, "Nyinyi kwenu mnaruka angani. Sisi tumeupasua mlima kwa kuni, kwa sikio na kwa neno. Rudini mkaseme."

Ndipo mambo yakaanza.

Siku ya nne Mamkwe alitaka kuwasha moto, akakosa kaa la moto, akakasirika, na kuni zikawaka kwa hasira yake. Siku hiyo hiyo mdogo wake Mfumwa aliweka mkono juu ya mtoto aliyekuwa na homa ya siku sita, homa ikashuka. Mwanamke mmoja kati ya wale kumi na mmoja alitazama nyuzi, nyuzi zikajifuma zenyewe kuwa nguo, na hadi siku ya sita wafumaji wengine hawakuona sababu ya kwenda sokoni. Siku ya saba Sekiete alikutana na jirani yake kwenye mpaka wa shamba. Hakumgusa. Alimtazama tu, na yule jirani akarushwa mpaka kwenye mgomba, akavunjika mkono. Sekiete alikaa chini akalia kwa woga, kwa kuwa hata yeye hakujua jicho lake lina nini.

Walipoulizwa walikula nini, walikumbuka. Kule ndani, ukuta mmoja ulikuwa umeporomoka, ukafunua mahali pa juu kidimbwi kidogo cha maji meupe kama ya mchele. Walikuwa na kiu, na maji mengine yote yalikuwa tope. Wakanywa.

Nakijwa alipelekwa pale. Aliinamisha sikio lake lililobaki, akasikiliza muda mrefu, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Haya nayajua," alisema. "Ndiyo yanayosema ndani yangu tangu nizaliwe. Siku zote tone moja moja lilikuwa linapenya kwenye chemchemi. Aliyelipata tone, alizaa mtu kama mimi. Sasa kidimbwi kimefunguka. Kinajaa. Baada ya mwezi kitafurika chenyewe, na hapo hakuna atakayechagua."

Hivyo ilibidi kuchagua. Kidimbwi kingeweza kuelekezwa kwenye mfereji mkuu, kila Mruvandi anywe na kila Mruvandi awe na karama. Kingeweza kujengewa ukuta na mlango, wapewe kikombe wachache. Au kingeweza kuzibwa kabisa kwa mawe na risasi iliyoyeyushwa, pasipite hata tone.

Nani achague? Mfumwa Nanzia aliwaita watu wote uwanjani, akasimama.

"Sheria ya maji mnaijua," alisema. "Ni ya zamani kuliko kiti changu. Aliyefungua chemchemi ndiye mgawa maji yake, na neno lake halipingwi, hata nami. Mdogo wangu yuko hai, na hilo sitaweza kulilipa. Lakini leo siulizi nani nimshukuru. Nauliza, nani aliyefungua?"

Nakijwa alisimama wa kwanza.

"Ni mimi," alisema. "Mngekuwa mpaka leo mnachota vifusi, na wale kumi na mmoja tungewazika humo humo. Nilionyesha mlango mahali ambapo hakuna aliyeona mlango. Na nikipewa, nitafungulia mfereji, kila mtu anywe. Mnajua mimi ni nani? Siku ya harusi yangu niliondolewa kwenye mkeka nikasikilize kisima cha kijiji kingine. Nilipomzika mwanangu, watu wawili walinisubiri nje ya makaburi wana shida ya maji. Nilikwenda, na najivunia kwamba nilikwenda. Lakini mmoja hatoshi. Siku ile ningechelewa nusu siku tu, sasa tungekuwa matangani. Nataka kila nyumba iwe na Nakijwa wake, ili Nakijwa mmoja aweze kulala."

Akina mama wengi waliitikia kwa kutikisa vichwa.

Kisha akasimama Namkunda. Sauti yake haikurudi tangu siku ile, kilichobaki kilikuwa mnong'ono. Uwanja mzima ulinyamaza mpaka mnong'ono ukafika nyuma.

"Ni mimi. Tundu bila mimi lilikuwa kaburi lenye dirisha. Dada yangu alionyesha mlango, kaka yangu akauchonga, lakini mlango ni ule ambao mtu anapita akatoka mzima. Nikipewa, nitajenga ukuta na shule. Atakayetaka kikombe, kwanza akae darasani. Mimi mwaka wote wa kwanza sikufundishwa kushika. Nilifundishwa kuachia. Muulizeni Sekiete kama kuna aliyemfundisha kuachia."

Sekiete aliinamisha kichwa. Jirani yake, mkono ukiwa umefungwa kwa vijiti, alimwekea mkono mzima begani.

Mrutu alisimama wa mwisho. Alinyanyua mkono wa kushoto uliobaki na vidole vitatu, si ili watu wamwonee huruma, bali kama mtu anavyoonyesha kazi yake.

"Ni mimi," alisema. "Kusikia mlango si kuufungua, na kushika dari si kuufungua. Mwamba niliupasua mimi. Dada zangu hawa nawaheshimu, na mtu akiwasema vibaya tutakosana. Lakini sikilizeni. Mafundi wangu wanne tangu utotoni wamekuwa wakivukuta moto. Juzijuzi walimwona Mamkwe akiwasha kuni kwa hasira. Jana wawili hawakuja kazini. Wakaniambia, 'Mzee, tunangoja maji.' Nikipewa chemchemi ile nitaiziba kwa mikono yangu. Mwamba ule ulipasuka kwa kuni zenu na kwa vyungu vilivyopita mikononi mwenu. Mtu mwenye karama huhitaji nani? Siku ile tulihitajiana wote, na sijawahi kuiona nchi hii ikiwa nzuri vile."

Hapo watu walipiga makofi, na waliompigia makofi Mrutu wengine ndio walewale waliomwitikia Nakijwa.

"Na mtoto mwenye homa?" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka katikati. Alikuwa amembeba yule mtoto. "Ungeziba kabla au baada ya mwanangu kupona, baba?"

Mrutu alimgeukia yule mama. "Hilo, mama," alisema, "linaniamsha usingizini. Sitakudanganya."

Mfumwa Nanzia aliwageukia wale kumi na mmoja. "Nyinyi mlikuwa ndani. Mlimwona nani akifungua?"

Mamkwe ndiye aliyejibu. "Mfumwa, tulikuwa gizani, maji kifuani. Tuliona mwanga, tukaufuata. Sisi tulitoka kwa mlango mmoja. Mafundi wake hatukuwahesabu."

Mfumwa alikaa kwenye kiti chake, akawatazama wale watatu waliosimama mbele yake: mmoja amegeuza sikio zima, mmoja ameshika koo, mmoja mkono wake uko juu ya mshipi. Watu walisema baadaye kwamba hawajawahi kumwona akijivunia nchi yake kama siku ile, wala akiwa amekwama kama siku ile. Akatuma walinzi mlimani, akaamuru kila nyumba ijadiliane na kuleta jina moja. Kidimbwi wakati huo kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja kufurika.

Mimi nimeishia hapo. Ukimtaja Nakijwa, kesho jirani yako ana karama na wewe unayo, na yule usiyepatana naye anayo pia. Ukimtaja Namkunda, itabidi useme ni nani atakayesimama mlangoni kuwachagua wa kuingia. Ukimtaja Mrutu, basi umtazame usoni yule mama mwenye mtoto.

Nyumba yako bado haijaleta jina. Haya, wewe unamkabidhi nani chemchemi, na kwa nini yeye?